Kabla ya kununua spika za bei ghali Nairobi, pima sebule yako kwanza

Mwanzisha uzi, South B

Spika zangu za kwanza za bei ya kuumiza zilinifika kiunoni kwa urefu, na zilikaa sebuleni kwangu miezi minne tu kabla sijaziuza kwa hasara. Hazikuwa mbovu. Duka nililozinunua, ambalo sitalitaja, lilinichezea benga katika ukumbi mpana uliotandikwa zulia ukuta kwa ukuta, nami nikatoa pesa nikiwa bado nimesimama. Nilipozifikisha nyumbani, kila mpiga besi alipogusa noti ya G ya chini chumba kizima kilivuma kama pipa tupu lililopigwa teke, ilhali noti zilizo jirani yake zilipita kimya kimya. Nikabadilisha waya, nikabadilisha amplifaya, nikaanza kumshuku hata mpiga besi mwenyewe. Mwishowe nikaazima mkanda wa kupimia wa seremala, na jibu likapatikana kwa dakika mbili: chumba changu kina upana wa mita 3.4.

Hesabu yenyewe ni ya darasani. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde hewa inapokuwa na joto la nyuzi 20. Kati ya kuta mbili zinazotazamana, wimbi ambalo nusu yake inaenea barabara kutoka ukuta mmoja hadi mwingine hukuzwa na chumba chenyewe, na ili kulijua unagawanya 343 kwa umbali wa kuta hizo uliozidishwa mara mbili. Kwangu ni 343 kwa 6.8, yaani kama hezi 50 (mitetemo 50 kwa sekunde), na noti ya G ya chini katika gitaa la besi ni hezi 49. Urefu wa chumba ni mita 4, kwa hiyo kuna uvumaji mwingine kwenye hezi 43, karibu kabisa na E ya waya mnene zaidi, ambayo ni 41. Spika ndefu zilizosifiwa kwa kushuka chini sana zilikuwa zinalisha moto ule ule ambao chumba kilikuwa kinauwasha.

Nianzie hapo kwa sababu watu wengi wanaouliza kuhusu vyombo vya sauti vya hadhi ya juu huanza na jina la kampuni, wakati chombo kikubwa kuliko vyote, ambacho hakibebeki na ambacho mwenye nyumba hataki ukiguse, ni chumba. Nyumba zetu hapa mjini ni za mawe au matofali ya simiti, sakafu ni vigae, dari ni zege. Kuta hizo hazipitishi besi kwenda nje kwa urahisi, zinairudisha ndani. Wahakiki wengi tunaowasoma wanaishi Marekani katika nyumba za mbao zilizofunikwa bodi za jasi, ambazo hutikisika kidogo na kumeza sehemu ya sauti nzito. Kwa hiyo mhakiki wa kule akilalamika kwamba spika fulani ndogo ina upungufu wa besi, usiifute kwenye orodha yako haraka, kwani huenda ndiyo itakayokaa vizuri katika sebule ya Kileleshwa au Umoja.

Sauti nyembamba nazo zina kesi yao. Simama katikati ya sebule, piga kofi moja kali, kisha nyamaza. Ukisikia mlio unaotetemeka kama mbawa za nzi kati ya kuta mbili tupu, basi sauti ya mwimbaji pia itatetemeka hivyo hivyo. Zulia nene mbele ya spika, pazia zito, kabati la vitabu vilivyopangwa bila usawa na makochi ya kitambaa hupunguza tatizo hilo, na gharama yake ni ndogo kuliko kuhama kutoka spika hadi spika. Ila zulia halitakusaidia lolote kwenye hezi 50, maana wimbi hilo lina urefu wa karibu mita 7 na halijui kama kuna zulia.

Baada ya chumba ndipo spika zije, na hapo ndipo pesa nyingi ziende. Kuna utafiti ambao ningependa kila mnunuzi aufahamu. Floyd Toole, akiwa katika Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada mjini Ottawa na baadaye kampuni ya Harman kuanzia 1991, aliwakalisha wasikilizaji mbele ya pazia wasijue ni spika gani inayocheza. Wengi wao, wenye mafunzo na wasio na mafunzo, walizipenda spika za aina moja: zile ambazo kipimo chake mbele yake ni laini na tambarare, na ambazo sauti inayotoka pembeni inapungua polepole bila mabonde na vilima. Mwaka 1994 yeye na mwenzake Sean Olive waliondoa pazia na kurudia majaribio, na alama zikabadilika, kwa sababu macho nayo yalikuwa yamepewa kura. Tangu siku nilipojifunza hilo siamini tena maoni yangu mwenyewe niliyoyatoa nikiwa naitazama mbao ya walnati iliyong'arishwa.

Kutokana na kazi hiyo kuna kiwango kinachoitwa CTA-2034, ambapo spika hupimwa kutoka pande 70 katika chumba kisicho na mwangwi, kisha vipimo vinakusanywa katika mchoro mmoja. Mistari ya juu inaonyesha sauti inayokufikia moja kwa moja, na mingine inaonyesha kile kinachogonga kuta, sakafu na dari kabla ya kukufikia. Tafuta mchoro huo kwanza, kabla ya kusoma sifa. Jarida la Stereophile, lililoanzishwa 1962, huambatanisha vipimo na uhakiki wake, na tovuti ya Audio Science Review ina mamia ya michoro ya aina hii. Uhakiki usio na kipimo nausoma pia, lakini kama ninavyosoma ushairi: kwa raha, bila kutoa pochi.

Na pale kampuni inapoandika kwamba spika yake inatoa hezi 35 hadi 20,000 bila kusema tofauti ya ukubwa wa sauti ni desibeli ngapi, hesabu kwamba haijaandika kitu. Sentensi kamili husema, kwa mfano, hezi 45 hadi 20,000 kwa tofauti isiyozidi desibeli 3 juu au chini.

Jibu kutoka Buruburu

Ndugu mwanzisha uzi, nashukuru kwa maelezo, lakini umeruka jambo ambalo sisi wa Eastlands tunaliuliza kwanza, yaani nguvu. Juzi nilipita Luthuli Avenue nikaona wufa ya mezani yenye maandishi ya wati 10,000 kwenye katoni. Duka lingine la bei ya juu linauza amplifaya ya wati 60 kwa mara ishirini ya bei hiyo. Muuzaji wa pili alipoulizwa sababu alicheka tu, na mimi sikufurahishwa na kicheko chake. Je, mtu ahitaji wati ngapi hasa?

Mwanzisha uzi, South B

Ndugu, hilo ni swali zuri, na muuzaji yule alipaswa kukujibu badala ya kucheka. Igeuze hiyo wufa ya wati 10,000 utazame kibandiko kidogo cha nyuma, pale panapoandikwa volti na matumizi ya stima. Nimewahi kukuta kibandiko kinachosema wati 60. Kifaa hakiwezi kutoa nguvu mfululizo zaidi ya kile kinachovuta kwenye soketi, na hata plagi yetu ya ampea 13 kwa volti 240 haiwezi kupitisha zaidi ya wati 3,120. Ile namba ya kwenye katoni huitwa PMPO, na kazi yake ni kuuza katoni. Namba unayoitaka ni ya RMS, yaani nguvu ya mfululizo, ikiwa imeambatana na omu (ukinzani) za spika na kiwango cha uchafu wa sauti.

Sasa tufanye hesabu ya sebule. Chukua spika iliyoandikwa desibeli 87 kwa volti 2.83 katika umbali wa mita moja, ambayo kwa spika ya omu 8 ni sawa na wati moja. Wewe umekaa mita 3 mbali, na katika uwanja wazi umbali huo ungekupunguzia desibeli 9 na nusu. Spika ya pili inakurudishia kama 3, na kuta zinarudisha zaidi kidogo. Kwa hiyo wati moja kwa kila spika inakupa desibeli 80 na kitu, sauti ambayo mtu akitaka kukuambia neno itabidi apaze yake. Ukitaka vilele vya muziki vifike desibeli 100 unahitaji 20 zaidi, na kila desibeli 10 hudai nguvu mara kumi, yaani jumla wati 100. Ukitoka wati 100 kwenda 200 unapata desibeli 3 tu. Ndiyo maana mtu anayesikiliza taarabu jioni kwa sauti ya kawaida anaweza kuishi miaka kumi na wati 60 za kweli asizimalize, na mtu mwenye spika ya desibeli 83 katika ukumbi mkubwa atalia na 150.

Angalia omu pia. Spika ya omu 4 huvuta mkondo mara mbili ya ile ya omu 8 kwa volti zile zile, na amplifaya dhaifu itachemka. Ikiwa kampuni inasema amplifaya yake hutoa wati 60 kwa omu 8 na karibu 120 kwa omu 4, hiyo ni dalili kwamba sehemu yake ya kupokea stima imejengwa kwa uaminifu.

Mengine yote nitayapita haraka. Waya wa spika ni shaba. Waya wa milimita mraba 2.5, unene ule ule fundi anaotumia kwenye soketi za nyumba, una ukinzani wa kama omu 0.074 kwa mita tano kwenda na kurudi, kiasi ambacho mbele ya spika ya omu 8 hakifiki asilimia moja. Kigeuzi cha sauti ya dijitali cha bei ya wastani siku hizi kina uchafu ulio chini ya kiwango cha sikio. CD ya mwaka 1982, yenye biti 16 na sampuli 44,100 kwa sekunde, bado inatosheleza uwezo wa masikio yetu sebuleni. Kwa wanaotumia bando la simu, sauti kamili ya CD bila kubanwa hula karibu megabaiti 635 kwa saa, FLAC, faili iliyobanwa bila kupoteza kitu, hula takriban nusu yake, na mtiririko wa kilobiti 320 hula 144. Jaribu mwenyewe kama unaweza kuvitofautisha bila kutazama skrini, kisha amua kama tofauti hiyo inastahili bando lako.

Jibu kutoka Ngara, fundi

Naomba niongeze la mtumba, kwa sababu wengi hawatanunua vipya. Mezani kwangu vifaa vinavyoletwa vikiwa vimekufa vimegawanyika makundi mawili.

La kwanza ni vya volti. Stima yetu ni volti 240 kwa hezi 50. Kifaa cha Marekani ni cha volti 120 na hezi 60, cha Japani ni cha volti 100. Mteja mmoja alikata plagi ya Kimarekani, akafunga yetu ya pini tatu, akawasha, na harufu ikamaliza maelezo. Transfoma ya kupunguza volti hutatua nusu ya tatizo tu, kwa kuwa haibadilishi hezi. Kichezeo cha santuri chenye mota inayofuata hezi za stima, kilichotengenezewa 60, kikipewa 50 kitazunguka kwa tano tu ya sehemu sita za mwendo wake: badala ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika utapata kama 27.8, na mwimbaji wa kike atasikika kama mzee mwenye mafua. Kabla ya kununua kichezeo cha namna hiyo kwa ajili ya sahani ulizookota Kenyatta Market, uliza kama mota yake ni ya mkondo wa moja kwa moja au kama kapi yake inaweza kubadilishwa.

La pili ni spika za miaka ya 1980 na 1990 kutoka Uingereza, ambazo pete ya kuzunguka koni ni ya sponji. Sponji hiyo huoza baada ya miaka kumi na tano au ishirini hata kama spika haikuguswa. Ondoa kitambaa cha mbele, igusie kwa ncha ya kidole. Ikiacha unga mweusi kwenye kidole, imekwisha. Pete ya mpira hudumu zaidi. Kisha weka vidole viwili kila upande wa koni, isukume ndani taratibu, usikilize: ikikwaruza, koili, yaani waya uliozungushwa nyuma ya koni, imeungua au imepinda. Kuweka pete mpya kunawezekana, kurekebisha koili ni kazi ya gharama, kwa hiyo bei ishuke ipasavyo kabla hujatoa pesa, si baada.

Mwanzisha uzi, South B

Fundi, nakushukuru, hasa kwa habari ya kapi. Niongeze kwamba gadi ya kulinda televisheni, ile inayokata stima volti zikipanda au zikishuka na kusubiri dakika kadhaa kabla ya kuirudisha, ifungwe mbele ya mfumo wote. Stima yetu ikirudi baada ya kupotea hurudi na hasira.

Kwa wanaoagiza nje, msihesabu bei ya tovuti peke yake. Ushuru wa forodha kwa bidhaa nyingi zilizokamilika ni asilimia 25 ya thamani ikijumlishwa na bima na usafiri, kisha VAT ya asilimia 16 inatozwa juu ya jumla ya hiyo thamani pamoja na ushuru. Mzigo uliofika bandarini kwa thamani ya shilingi 100,000 unakuwa 145,000 kabla ya ada ya tamko la forodha, tozo ya reli na mtu wa kukutolea mzigo. Spika zikiwa nzito, usafiri unaweza kupita ushuru. Na dhamana ya kampuni ya nje mara nyingi inakutaka urudishe mzigo kule ulikotoka, jambo ambalo kwa spika ya kilo 30 ni sawa na kutokuwa na dhamana.

Ukienda dukani kusikiliza, beba nyimbo tano unazozijua mpaka kohozi la mwimbaji, zenye sauti ya mtu peke yake, gitaa la besi, ngoma za ngozi na kitu chenye fidla au kanuni ya taarabu. Sisitiza kwamba spika mbili unazolinganisha ziwe na ukubwa sawa wa sauti, kwani tofauti ya desibeli moja tu husikika kama ubora, na wauzaji wanalijua hilo kuliko sisi. Kaa chini. Mimi sikukaa.

Jibu kutoka Kahawa Sukari

Kaka, nimekusoma tangu Jumatatu nikafanya ulivyosema kabla ya kununua. Sebule yangu ni mita 4.2 kwa 3.6. Nilikuwa nimeshalipa arubuni ya kuwekewa subwufa, spika ya besi peke yake, kwa sababu spika zangu za rafu zilionekana hazina uzito, lakini nikikaa kwenye kochi refu la ukutani zinavuma, na nikisimama katikati ya chumba besi inatoweka kabisa. Nilidhani spika zina kasoro. Nimeazima mikrofoni ya kupimia na kutumia REW, programu ya bure ya kupima sauti ya chumba. Kuna kilele kwenye hezi 41 nikiwa kwenye kochi. Je, ninunue subwufa au nisinunue?

Mwanzisha uzi, South B

Dada, hujakosea, na spika zako hazina kasoro. Hezi 41 ndiyo 343 kwa 8.4, urefu wa chumba chako. Karibu na ukuta shinikizo la wimbi hilo huwa kubwa kupindukia, na katikati kabisa ya chumba hufikia sifuri, kwa hiyo masikio yako yamekuambia kweli mara mbili. Nyumba zetu zina desturi ya kupanga makochi yote ukutani ili wageni wapate nafasi katikati, na desturi hiyo inamkalisha msikilizaji mahali pabaya zaidi pa besi.

Lisogeze kochi mbele mpaka kichwa chako kiwe kama mita 1.2 kutoka ukuta wa nyuma, upime tena. Kilele kinapaswa kushuka karibu desibeli 4. Spika ziweke ili wewe na hizo mbili mtengeneze pembetatu yenye pande zinazokaribia kulingana, twita, zile koni ndogo za sauti nyembamba, zikiwa sawa na masikio. Kisha angalia umbali wa spika hadi ukuta wa nyuma yake: ukiwa mita 1, sauti inayorudi hukutana na inayotoka na kufuta sehemu ya hezi 86, kwa hiyo jaribu sentimita 50, au uzisogeze karibu zaidi, na upime kila mara. Andika kila kipimo kwenye daftari pamoja na umbali wake, maana baada ya kipimo cha sita hakuna anayekumbuka cha pili.

Kuhusu subwufa, subiri. Ukikaa mahali pazuri na bado ukaona mstari unaporomoka chini ya hezi 60, nunua moja ndogo, iweke kwanza pale unapokaa, kisha wewe upige magoti utambae kandokando ya kuta ukisikiliza besi ikisikika sawasawa wapi, na hapo ndipo subwufa ikae. Majirani watakaokuona dirishani waambie unatafuta pete. Na kwa kuwa kuta zinashikana, kumbuka kwamba kanuni za kelele za mwaka 2009 zinaweka kikomo cha desibeli 35 usiku katika maeneo ya makazi, na besi ndiyo inayopita zege kuliko sauti nyingine yoyote.

Jibu kutoka Kahawa Sukari

Kochi limesogea. Kilele kimetoka desibeli 11 juu ya mstari hadi 7, na E ya chini sasa ni noti kama zingine. Mume wangu ameuliza kwa nini kochi liko katikati ya nyumba kama gari lililokosa mafuta, nikamwekea rumba, akakaa. Nimepigia duka kuomba arubuni irudishwe.